Tope Jekundu Katika Kisima cha Mwashambwa

Shimo lile lilitugharimu rodi ishirini na tatu za chuma ambazo mpaka leo ziko chini, biti moja ya almasi, magunia hamsini ya saruji, kuku wawili, na nyusi za mtaalamu wetu wa miamba. Nimehesabu mara mbili. Nyusi ziliota tena, kwa hiyo mkitaka mnaweza kuzitoa kwenye hesabu. Vingine havikurudi.

Siku mliyoniaga kwa kustaafu mliniomba niandike haya niliyokuwa nawasimulia wakati wa chai. Ya vyeo sitaandika, mliyasikia kwenye hotuba, na nusu yake hata mimi yalikuwa mageni kwangu. Ya mshahara mnayajua, maana na ninyi mnalipwa huo huo. Nitaandika ya kuchoronga miamba, na hasa ya shimo lile la bondeni chini ya Mbalizi, kwa sababu nina shida nalo mpaka leo na ninyi ndio mnaoweza kunisaidia.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya sabini. Reli ilikuwa inajengwa na kila kijana wa Mbeya mwenye mikono miwili alikuwa ameshachukuliwa huko. Mimi nilibaki Mbalizi sokoni nikiuza kamba, ndoo na majembe. Nilishaona kwamba wajenzi wa reli watanifaa zaidi wakiwa wateja kuliko wakiwa wenzangu. Sisi Wakinga tunasemwa sana kwa habari ya biashara, na mimi sikutaka kuwaaibisha wanaotusema.

Siku moja akaja mzee mmoja mrefu, Mhehe wa Iringa, Mlutheri aliyekuwa anaimba nyimbo za kanisani puani huku akikagua bidhaa. Huyo ndiye Mzee Luvanda, fundi mkuu wa mtambo wa kuchoronga, mtu aliyenifundisha kazi yote ninayoijua. Alitaka kamba. Tukavutana bei mpaka jirani zangu wakaacha kuuza ili wasikilize. Tulipokubaliana nikampimia kamba kwa mikono, nikarudia tena.

"Mbona umepima mara mbili, bwana mdogo?" akauliza.

"Mara ya kwanza nakupimia wewe, mzee. Mara ya pili najipimia mimi."

Akaweka kamba begani. "Jumatatu uje Iyunga, kwenye uwanja wa mitambo. Nina kitu cha kuhesabiwa."

Kitu chenyewe kilikuwa rodi. Siku yangu ya kwanza nilidhani watanipa mtambo niuendeshe. Nikapewa lundo la mabomba ya chuma, kila moja futi kumi, na chaki. Rodi huunganishwa moja baada ya nyingine kadiri shimo linavyokwenda chini, na ncha ya mwisho ndiyo yenye biti. Ukikosea hesabu kwa rodi moja, umedanganya kwa futi kumi, na mtaalamu anachora ramani ya makaa ya mawe mahali ambapo pana mchanga. Luvanda alikuwa akinikuta nimemaliza kuhesabu ananiuliza ngapi, nikimjibu anasema, "Na mara ya pili?" Baada ya wiki hakuuliza tena. Alikuwa ameshapata mtu wa namna yake.

Mengine alinifundisha bila maneno mengi. Alikuwa anaushika mkono wa mtambo kama mtu anayemshika mgonjwa mapigo ya moyo. Jiwe gumu lilimtetemesha mpaka kwenye bega, jiwe laini lilimfanya akunje uso. Mimi kwa miezi mitatu sikuhisi chochote zaidi ya baridi ya chuma. Mwezi wa nne nikahisi kitu, nikamwambia kwa furaha kwamba tumefika kwenye jiwe jipya. Akasema hapana, pampu ina kifungo kilicholegea, nenda ukakikaze.

Sasa niwaeleze jiwe lenyewe, maana bila hilo hamtaelewa kilichotupata.

Kule bondeni tulikuwa tunatafuta makaa ya mawe. Juu ya makaa na chini yake kuna mwamba mweusi wa matabaka membamba. Wataalamu walikuwa na jina lake la Kizungu, shale, linalofanana sana na sheli, tunavyoita kituo cha mafuta, kwa hiyo wiki za kwanza nilipoambiwa tumefika huko niliangalia kama kuna dizeli. Ule mwamba ukiutoa chini unakuja kama mche mzuri wa mviringo. Tuliuita kori. Ukiuanika juani asubuhi, mchana umechanuka matabaka matabaka kama chapati iliyokaangwa vizuri. Mahali pengine ni mgumu, ukiupiga unalia. Mahali pengine ni laini, una udongo mwingi, ukipata maji unavimba.

Mwamba chini haujakaa tu. Umebanwa kutoka juu kwa uzito wa ulichokibeba, na umebanwa kutoka pembeni, ila hakuna anayehakikisha kwamba pande zote zinabana sawa. Ukitoboa shimo, umetoa kipande kilichokuwa kinasaidia kuzuia, na kuta zinataka kuingia kwenye nafasi uliyoiacha. Kinachozizuia ni tope la kuchorongea tunalozungusha kwa pampu. Tope likiwa jepesi, kuta zinamomonyoka na kushika rodi. Likiwa zito kupita kiasi, linausukuma mwamba mpaka unapasuka. Mimi nililielewa hilo haraka kuliko mengine yote, kwa sababu ni mapatano ya bei tu. Jiwe lina bei yake ya chini na bei yake ya juu, na wewe unatakiwa ukae katikati bila kujua muuzaji anawaza nini.

Na ndani ya mwamba huo kuna gesi, ile ile inayowaka. Jiwe limeifunga, halina vitundu vya kuipitisha. Njia yake ni nyufa. Nyufa zikibanwa, gesi inakaa ndani, zikifunguka, inatoka. Kwa hiyo mtu anayetaka gesi na mtu anayetaka shimo lake lisimame wanataka vitu viwili tofauti kutoka kwenye ukuta mmoja. Kwenye mtambo wetu watu hao walikuwa wawili, na walikuwa wanakula sahani moja.

Mtu wa gesi alikuwa ndugu Kiswaga, kijana wa Kisukuma ambaye wazazi wake walikuwa wamehamia Usangu na ng'ombe wao, naye akapelekwa shule na kurudi mtaalamu wa miamba. Alikuwa hodari. Aliweza kulisoma kori kwa kidole, na hakuwa na majivuno, ila alikuwa mwepesi wa kuwasha kiberiti kila alipotaka kufikiri. Mtu wa shimo alikuwa Luvanda.

Mwaka ule ndio watu walikuwa wanahamishiwa vijijini. Tulipofika bondeni palikuwa na nyumba tatu. Tulipofikisha rodi ya ishirini palikuwa na kijiji. Watu waliletwa na vyombo vyao, wakaonyeshwa viwanja, wakaambiwa wajenge. Maji hayakuwa kwenye mpango. Mto ulikuwa mbali, na kina mama walitoka asubuhi wakarudi jua limeshapanda. Ndipo mwenyeji mmoja, Mwashambwa, Msafwa mfupi mwenye mabega ya watu wawili, akaamua kuchimba kisima kwa mkono. Alikuwa fundi wa kazi hiyo tangu ujana. Alichagua mahali kwenye mteremko, upande wa bonde linakoelekea, umbali wa kurusha jiwe mara tatu kutoka kwenye mtambo wetu. Akapata maji kidogo, ya ndoo chache kwa siku, akawa anaendelea kushuka ili ayapate ya kutosha.

Mtambo nao unakunywa maji. Nikatumwa kwenda kuyanunua. Mwashambwa alitaka mafuta ya taa, debe zima kwa kila wiki. Nilikaa naye kwenye ukingo wa kisima kuanzia chai mpaka ugali. Tulipoachana alikuwa amekubali nusu debe na ananiita jina la Kisafwa ambalo sikuliuliza maana yake. Tangu siku hiyo kila akiniona alikuwa akisema, "Haya, Sanga, leo umekuja na bei gani?"

Wiki ya tatu tukaingia kwenye tabaka gumu la ule mwamba mweusi, na tope likaanza kurudi juu na mapovu. Kiswaga akachangamka. Kama gesi ni nyingi, alisema, hiyo ni habari kubwa kuliko makaa. Akaomba tope lipunguzwe uzito kwa siku moja ili gesi itoke aipime. Luvanda alifikiri usiku mzima, asubuhi akakubali. Tulipunguza taratibu. Gesi ikaja kweli. Ilisukuma tope mpaka likamwagika juu ya meza ya mtambo, na pamoja na tope vikaja vipande vyembamba vya mwamba, vikali kama vigae. Hizo zilikuwa kuta zetu zinakuja kutuaga.

"Ongeza uzito," akasema Luvanda.

Tope huongezwa uzito kwa unga mzito wa jiwe, na wa kwetu ulikuwa kwenye lori moja na saruji, likitokea Iringa. Lori lilikuwa limekatika ekseli Nyololo tangu Jumatatu. Tulichokuwa nacho ni udongo. Udongo wa kichuguu, mwekundu, laini kama unga, tulikuwa tumeuchekecha magunia kadhaa kwa ajili ya kusakafia jiko la kambi. Luvanda akautazama, akanitazama.

"Mimina."

"Mzee, tutaupasua mwamba," akasema Kiswaga. "Hapa nyufa zimesimama wima, niliziona kwenye kori. Ukisukuma kidogo tu zinafunguka."

"Na tusiposukuma, gesi itaurusha mtambo na sisi tukiwa juu yake."

"Basi tusukume polepole."

"Polepole ni kwa mwenye muda, ndugu yangu. Umeliona hilo linalomwagika?"

Wote wawili walikuwa wanasema kweli, na hilo ndilo lililotutia hofu. Mmoja wao angalikuwa mjinga tungalijua la kufanya. Nikamimina. Pampu ikavuta tope jekundu, geji ya presha ikaanza kupanda. Ikapanda, ikapanda. Luvanda alikuwa ameacha kuimba. Mkono wake ulikuwa kwenye mtambo, macho yake kwenye geji.

Kisha sindano ikaanguka yote kwa mara moja, kama mtu aliyekatwa kamba.

Pampu ikawa inasukuma bila kusukuma kitu. Tope likashuka shimoni tukiliangalia, likaendelea kushuka mpaka hatukuliona. Halafu chini kabisa tukasikia mngurumo mfupi, na rodi zilizokuwa zinazunguka zikasimama. Kuta zilikuwa zimepoteza kilichokuwa kinazishikilia, zikazifunga rodi zetu. Tukajaribu kuvuta, mnyororo ukalia, mtambo ukainama mbele. Hazikutikisika.

Mapovu nayo yakakoma. Vijana wa mtambo wakaanza kucheka, mmoja akasema angalau gesi imekwisha. Luvanda akamwambia anyamaze.

"Gesi haijaisha. Imepata mlango mwingine."

"Wapi?" nikauliza.

Akamtazama Kiswaga. Kiswaga alikuwa anapapasa mfuko wake wa kiberiti, akautoa mkono mtupu, akauficha nyuma kama mtoto.

Tuliendelea kuvuta rodi bila mafanikio mpaka jua lilipokuwa utosini. Ndipo tukamwona Mama Ester, mke wa Mwashambwa, anapanda mteremko na ndoo kichwani. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele ya Luvanda, akaishusha kwa nguvu.

"Ninyi watu wa mtambo, nani kati yenu ameoga kisimani kwetu?"

Ndani ya ndoo maji yalikuwa mekundu. Bonde lile lote chini ni jiwe jeusi na udongo wa kijivu. Luvanda akachovya kidole, akasugua kwa dole gumba. "Kichuguu," akasema. Kiswaga akapiga magoti, akaweka sikio kwenye maji. Yalikuwa yanavuma kidogo, kama soda iliyofunguliwa sasa hivi.

"Mumeo yuko wapi, mama?"

"Kisimani. Yeye na wenzake wametoka shamba la kijiji, wanafunga kamba. Kashaona maji mekundu, anasema amefika kwenye udongo mpya, anataka kushuka aone."

"Ameshashuka?"

"Atashukaje kabla ya taa?"

Mwashambwa alikuwa na desturi ambayo kila fundi wa visima mwenye akili anayo. Kabla ya kushuka, aliwasha koroboi, akaifunga kwenye kamba na kuiteremsha polepole mpaka chini. Ikizimika, kuna hewa mbaya, hakuna mtu anayeshuka. Kaka yake mkubwa alifia kisimani kwa kutofanya hivyo, na Mwashambwa mwenyewe ndiye aliyemfunga kamba kumtoa. Kwa hewa mbaya ya kawaida, koroboi ile ilikuwa imemwokoa mara nyingi. Kwa gesi yetu, mtu anayeteremsha taa ya moto kisimani, akiwa ameinama juu ya mdomo wake na watu sita wamemzunguka, angeona kitu ambacho asingepata nafasi ya kukisimulia.

Luvanda akabaki na mtambo. Mimi na Kiswaga tukakimbia, na Mama Ester nyuma yetu, hajui tunakimbilia nini lakini hakutaka kuachwa.

Tulipofika koroboi ilikuwa imeshawaka. Mwashambwa alikuwa amechuchumaa hatua chache kutoka kisimani, anaifunga kwenye kamba kwa fundo lake la siku zote. Wenzake walikuwa wamesimama na majembe.

"Mwashambwa, zima hiyo taa," nikasema.

Hata hakuinua kichwa. "Haya, Sanga. Leo umekuja na bei gani?"

"Sina bei. Zima taa."

"Wiki iliyopita mafuta ya taa ulinipunja, leo unataka na taa yenyewe niizime. Kesho utataka kamba."

Wenzake wakacheka. Kiswaga akaingia kati, akaeleza kwa haraka: kuna gesi, inawaka, imepita kwenye ufa, imeingia kisimani. Alieleza vizuri. Tatizo alieleza kama mtu anayeogopa, na Mwashambwa alikuwa amezoea kuwaona wataalamu wakiogopa vitu ambavyo havipo, kama nyoka wa kijani na maziwa yasiyochemshwa.

"Kijana wangu," akasema, "mimi nakubali kwamba hewa inaweza kuwa mbaya. Ndiyo maana nateremsha taa. Sasa wewe unaniambia nisiteremshe taa kwa sababu hewa ni mbaya. Nitajuaje?"

Swali lilikuwa zuri. Mwashambwa akasimama na kamba mkononi, koroboi inaning'inia, ulimi wa moto unacheza na upepo. Nikasogea nimpokonye, mmoja wa wenzake akaweka mpini wa jembe kifuani kwangu, taratibu tu, kama mtu anayefunga mlango.

"Mnataka kijiji kisipate maji ili mtambo wenu upate yote," akasema huyo. "Tunawajua."

Mwashambwa akapiga hatua moja kuelekea kisimani. Nikaona kuku wa Mama Ester wanachakura kwenye udongo uliochimbwa.

"Teremsha kuku," nikasema. "Mweke kwenye tenga, mteremshe badala ya taa. Akirudi mzima, washa taa, shuka, na mimi nitakushikia kamba."

"Kuku wa nani?"

"Namnunua. Mama Ester, yule mweupe, bei gani?"

Mama Ester alikuwa anahema, ameshika kiuno. Alinitazama kama mtu aliyesubiri nafasi hiyo tangu siku ya mafuta ya taa, akataja bei ya mbuzi. Si mbuzi mdogo. Mmoja wa wale wanaume akapiga mluzi.

Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa noti, nikamwekea kiganjani.

Kicheko kikakatika. Mama Ester alizitazama zile noti bila kuzifunga mkononi. Mwashambwa akamtazama mkewe, akanitazama mimi, usoni.

"Hujaomba apunguze."

"Sina muda."

Akainua koroboi mpaka kifuani. Kwa vidole viwili vya udongo akaubana utambi, moto ukafa. Akawageukia wenzake akasema kwa sauti ya chini, "Sanga amelipa bila kubishana. Rudini nyuma. Wote."

Kuku akateremshwa kwenye tenga. Tulihesabu kimya kimya, kila mtu kwa hesabu yake. Alipopandishwa shingo ilikuwa inaning'inia pembeni ya tenga. Gesi ile si sumu, lakini ikijaa mahali haiachi nafasi ya pumzi. Juu kidogo, inapokutana na hewa yetu, ndipo inapohitaji kiberiti tu. Nikamwomba Mama Ester kuku wa pili.

"Wa pili wa nini? Si umeona?"

"Kuhakikisha."

"Bei ni ile ile," akasema, lakini sauti yake ilikuwa imekwisha. Wa pili naye alirudi hivyo hivyo, na fedha yake Mama Ester hakuipokea.

Jioni ile Kiswaga alitumbukiza kwa kamba chupa iliyojaa maji, mdomo chini, akakusanya mapovu ya kisimani. Akaipeleka mbali uwanjani, akawaita Mwashambwa na wenzake wasimame nyuma, akawasha kiberiti. Chupa moja tu. Ililia kama kofi, ulimi wa buluu ukapanda, na Kiswaga akageuka kwetu akiwa na uso wa mtu mwingine, laini kote, bila nyusi. Hakuna aliyecheka. Mwashambwa aliitazama chupa, akatazama mdomo wa kisima, nikaona anapima ukubwa wa hiki na kile. Kisha akaketi chini.

Nyumba zilizokuwa karibu na kisima zilizima meko siku ile ile, familia zikalala kwa jamaa upande wa juu. Lori lilifika siku ya pili, ekseli mpya, dereva analalamika njaa. Tukachanganya saruji. Safari hii Luvanda alisukuma polepole, anaongeza kidogo, anasimama, anasikiliza, anaongeza, na Kiswaga amekaa pembeni ya geji anamtajia namba kwa sauti ya kanisani. Mahali fulani ule ufa ukashiba. Saruji ikabaki shimoni pamoja na rodi zetu. Mapovu kisimani yakapungua, lakini hayakukoma, na amri ikaja kisima kifukiwe. Mwashambwa alikifukia mwenyewe. Alikataa kusaidiwa.

Kwenye mkutano wa kijiji Luvanda alisimama na kofia mkononi, akasema mradi utawachimbia kisima kingine mahali salama. Kiswaga akaandika hivyo kwenye taarifa yake, akaituma. Miezi michache baadaye ikaonekana makaa ya bondeni ni membamba, na sisi tukahamishiwa upande wa Iringa na mtambo wetu. Tulipokuwa tunapakia, kina mama walikuwa wanapita na ndoo kuelekea mtoni.

Nilichoronga mashimo mengi baada ya hapo. Kila nilipofika kwenye mwamba mweusi wa matabaka niliongeza uzito wa tope kama ninavyoongeza bei, kidogo kidogo, huku nikiangalia uso wa muuzaji. Kabla ya mtambo kuwashwa nilizunguka nikatafuta visima vyote vya jirani, nikaongea na wenyewe. Luvanda alistaafu akarudi kwao Iringa, akazikwa huko. Tulikwenda kumzika, tukaimba tulizozijua. Kiswaga alinieleza miaka baadaye jambo ambalo siku ile hakuwa na muda wa kulieleza. Ufa hufunguka kuelekea upande unaobanwa kidogo, na kule bonde lenyewe linavutwa upana, kwa hiyo nyufa zake hukimbia kwa urefu wa bonde. Kisima cha Mwashambwa kilikuwa kwenye mstari huo huo. Asingekuwa na bahati mbaya zaidi hata angeipimia kwa kamba.

Siku hizi nasikia watu wanaupasua mwamba huo kwa makusudi, kwa maji yenye presha, na kuweka mchanga kwenye nyufa ili zisijifunge, gesi itoke. Sisi tuliupasua bila kukusudia, na badala ya mchanga tuliweka kichuguu. Ninyi mnajua kuupasua na kuupima, mnavyo vyombo vya kusikiliza ufa unakoenda. Ndiyo maana naandika kwenu.

Mwezi uliopita nilikwenda bondeni. Mwashambwa yupo, amepinda mgongo lakini mabega ni yale yale. Maji bado wanachota mtoni, wajukuu zake sasa ndio wanaobeba ndoo. Alinikalisha, akanipa chai, akaniambia bila hasira kwamba kisima kile kingine bado anakisubiri. Ofisi iliyoahidi haipo tena, na iliyorithi majengo yake inasema haikurithi ahadi. Kwa hiyo nimeamua kukilipa kutoka kwenye kiinua mgongo changu. Fundi Mwashambwa anaye, mtoto wake wa pili. Pesa ninayo.

Ninachokosa ni mahali. Nina hakika kisiwe kwenye mstari wa urefu wa bonde kutoka kwenye lile shimo. Kiwe pembeni, upande wa mlimani. Lakini pembeni kwa umbali gani? Saruji ya wakati ule, baada ya miaka yote hii, bado imeshika, au gesi imeshatafuta ufa mwingine? Na fundi wake akifika chini, apime hewa kwa kifaa gani ambacho mtu wa kijijini anaweza kukinunua na kukielewa? Naomba anayejua aniambie, na kama kuna mwenye chombo cha kupimia anayeweza kuja bondeni kwa siku mbili, nauli na chakula ni juu yangu. Jibuni mapema tafadhali. Mwashambwa ameshanunua kamba.